Kwenu wanangu mnaokwenda Ulaya kwa muhula mmoja

Wanangu,

Nawasalimu kwa heri. Juzi mlikuja kuniaga, saba kwa mkupuo, na mmoja wenu akanionyesha kwenye simu mpango wa matembezi yenu. Masomo miezi minne, na katikati yake mmepachika Berlin, Prague, Vienna, Venice, Roma, Paris, Brussels na Amsterdam, kila mji siku mbili, na usiku mwingine wa kulala ndani ya basi ili kuokoa pesa ya hosteli. Nilinyamaza, mkadhani nimechoka, mkaniaga. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia jambo bila kuwavunja moyo. Sasa nimelipata, naliandika hadharani, maana najua kuna vijana wengine Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wenye mpango kama huo mkononi.

Kutembea siwakatazi. Anayepata nafasi ya kufika mbali akajifungia bwenini na vitabu amekosa nusu ya masomo. Lakini mimi niliwahi kutembea kama mnavyotaka kutembea, na hadi leo kuna mahali nilipita nikiwa kipofu.

Ilikuwa 1986. Nilikuwa mwalimu kijana wa historia, nikapelekwa Berlin Mashariki kwa kozi fupi ya miezi minne. Ukuta uliogawanya mji ulikuwa bado umesimama. Kila Jumamosi nilidamka kupanda treni: Potsdam, Leipzig, Weimar, Dresden. Dresden nililiona kanisa la Frauenkirche likiwa kifusi cha mawe meusi katikati ya mji, vile lilivyoanguka kwenye mabomu ya 1945. Leo limesimama tena. Lilifunguliwa upya 2005. Nilinunua kadi ya posta kila mji, nikazipanga kwenye bahasha. Nilikuwa nahesabu miji.

Jumapili moja ya mvua nikaingia makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Niliingia kukwepa baridi. Ukumbi wa kwanza tu nikakutana na mifupa ya dinosaria, mnyama wa kale mrefu kama mnazi, zaidi ya mita 11 kutoka sakafuni hadi kichwani. Nikasoma kibao: Tendaguru. Miguu ikaniishia nguvu. Tendaguru ni kilima cha kwetu, mkoa wa Lindi. Mama mmoja mlinzi wa ukumbi aliniona nimeganda, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka huko huko ilikotoka mifupa hii. Uso wake ukachangamka, akaanza kuuliza: Kilima chenyewe kikoje? Watu wa huko wanasimulia nini juu ya uchimbaji ule? Nani aliibeba mifupa mizito namna hii?

Sikuwa na jibu hata moja. Mwalimu wa historia, mzaliwa wa Lindi, na sikuwahi kumuuliza babu yangu mzaa mama, ambaye utoto wake ulipita katika miaka ile ile. Alikuwa amekwisha fariki. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa, na kadi ya posta sikununua.

Niliporudi nyumbani ndipo nilipoanza kuuliza wazee na kusoma. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika 1907 tu, na kusini yote ilikuwa imetoka kwenye njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Watu wa huku, mamia kwa mamia, ndio walioshika jembe na sururu, ndio waliofunga mifupa kwenye plasta na mianzi, ndio walioibeba kichwani na mabegani mwendo wa siku tatu hadi nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipita hivyo. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye jicho lake lilijua mfupa na jiwe vilipoachana. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Laiti ningelijua jina la Boheti siku ile mbele ya yule mama! Ningesimama wima, nikasimulia.

Ndiyo maana nawaomba: kabla hamjafunga mabegi, kaeni na wazee wenu siku moja. Ulizeni babu wa babu alifanya kazi wapi wakati wa Mjerumani, wakati wa Mwingereza, alibeba nini, alipigana upande gani. Halafu mkifika huko, punguzeni miji. Miwili au mitatu yatosha kwa miezi minne. Mji mmoja uliorudiwa mara tano utakufundisha zaidi ya minane iliyochunguliwa dirishani, kwa sababu mara ya kwanza macho hushangaa tu, na mtu aliyeshangaa bado hajaanza kuuliza.

Wale wa Berlin nawapa kazi maalumu. Nendeni mtaa wa Brunnenstraße, namba 193. Chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, mtaona kijiwe cha shaba chenye jina la Mohamed Husen. Kijana huyu alizaliwa Dar es Salaam 1904. Alikuwa mtoto tu alipoingizwa kwenye jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza, pamoja na baba yake. Alifika Berlin 1929, akadai mshahara wa jeshi ambao yeye na babaye hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi, watawala wa Ujerumani wakati ule, wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Wanangu, mimi Sachsenhausen nilifika. Walitupeleka wanakozi wote, 1986. Nilitembea juu ya changarawe ile, nikaonyeshwa mabanda, nikatikisa kichwa kwa huzuni kama mgeni anavyohuzunika kwenye msiba wa jirani. Sikujua kuwa msiba ule ulikuwa wa kwetu pia, kwamba kijana wa Dar es Salaam aliyezungumza lugha yangu alikata roho mahali pale. Hakuna aliyetuambia, nami sikuuliza. Nimejifunza habari zake miaka mingi baadaye, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitamani nirudi nisimame pale upya. Ninyi mnaweza. Treni ya S1 kutoka Berlin inakufikisha Oranienburg kwa muda usiotimia saa moja, na kuingia ni bure. Nendeni asubuhi, mkiwa mmeshiba, na msiende wengi wenye makelele. Simu iwekeni mfukoni. Vivyo hivyo kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, ile ya matofali makubwa ya zege 2,711 karibu na lango la Brandenburg: watu hupanda juu yake wakapiga picha wanacheka. Kwenu makaburini hamfanyi hivyo.

Siku nyingine nendeni kaskazini mwa mji, mtaa unaoitwa wa Kiafrika, huko Wedding. Mtakuta Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Barabara iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Peters, ambalo awali lilimkusudia Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyenyonga watu Kilimanjaro, tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Waafrika wa Berlin na wenzao walipigania badiliko hilo kwa miaka mingi. Piga picha kibao kile, mtumie mama yako aliyeko Songea au Kilwa, naye awaonyeshe majirani.

Na kama umepangiwa mji mwingine, usidhani huko hatupo. Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf, amelala Sayyida Salme binti Said wa Unguja, aliyeondoka kwao 1866 na hakuweza tena kuishi huko. Lisbon, ndani ya monasteri ya Jerónimos, liko kaburi la Vasco da Gama. Mtoto wa Malindi akisimama mbele ya kaburi lile na kukumbuka ile nguzo ya msalaba iliyoko ufukweni kwao, anasoma barua yenye kurasa mbili: moja ameizoea tangu utoto, na nyingine ndiyo hii iko mbele yake.

Sasa mambo ya karatasi, maana kuna kijana niliyemfundisha aliyelia uwanja wa ndege kwa kosa la herufi moja. Soma viza yako kabla ya kununua tiketi yoyote. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukitoka nje ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, umetoka, hurudi. London na Dublin haziko Schengen, hata kama basi la kutoka Paris linauza tiketi ya London kwa bei ya chakula cha mchana. Anayekwenda kwa viza fupi ana siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Pasipoti na kibali cha ukaazi vitembee nawe kila unapovuka mpaka, kwani ingawa wanasema mipaka imefunguliwa, polisi hupanda kwenye mabasi na treni kukagua, na mtu mweusi huulizwa kwanza. Jibu kwa utulivu, onyesha karatasi, endelea na safari yako. Usikubali siku yako nzima iharibike kwa dakika tano za mtu mwingine.

Ujerumani kuna tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na tangu Januari 2026 ni euro 63. Inakupandisha mabasi ya mjini, tramu na treni za mikoani nchi nzima, ila si treni za kasi za ICE. Ukisahau kuifuta kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata utakatwa tena, na bumu lenu mnajua lilivyo. Chuo kingine huwapa wanafunzi wake tiketi kama hiyo ndani ya ada, kwa hiyo uliza kwanza. Italia, tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hatakubali kwamba ulikuwa hujui. Ufaransa, ukiwa na kibali cha kuishi nchi ya Umoja wa Ulaya na hujafika miaka 26, makumbusho ya taifa ni bure, Louvre ikiwemo. Basi kwa nini uikimbie Louvre yote kwa siku moja? Ingia, tazama vyumba viwili, toka ule, urudi kesho.

Treni za mikoani nazisifu kwa sababu ya mwendo wake. Zinasimama kila kijiji. Wanapanda wanafunzi wa shule, wazee na vikapu vyao, mtu na baiskeli yake. Ukisafiri saa nne badala ya mbili utaona jinsi watu wa huko wanavyoishi, jambo ambalo uwanja wa ndege haukuonyeshi.

Jihadharini na jua. Desemba Berlin linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukiamka saa tano, ukapika, ukatoka saa nane, umekwenda kutazama giza. Wanaoswali watashangaa Adhuhuri na Alasiri zinavyofukuzana, na mwezi Juni watasubiri Magharibi hadi saa tatu na nusu usiku. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na Ujerumani maduka karibu yote hufungwa Jumapili, basi mkate ununuliwe Jumamosi. Mabinti zangu, fika mji mgeni mchana, na mmoja wa wenzako ajue umelala wapi. Nasema hivi kwa upendo.

La mwisho ni daftari. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alisafiri na bwana wake Mjerumani kuvuka Urusi hadi Siberia, na habari za safari ile alizisimulia kwa Kiswahili, zikachapwa 1901. Alikuwa mtumishi, hakuwa na simu wala ufadhili wa masomo, na bado tunasoma alichokiona. Ninyi mnasoma chuo kikuu. Kila usiku andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uandike ulichouliza na ulichojibiwa, kabla ya yale uliyokula. Kadi zangu za posta zingali kwenye bahasha, rangi imefifia, na nyuma yake hakuna hata sentensi moja.

Mtakaofika Brunnenstraße, chukueni kitambaa mkakifute kile kijiwe. Shaba huingia weusi kwa mvua, na wenyeji hukifuta pia. Mwislamu amsomee Fatiha, na mwenzake amwombee kwa dini yake. Mkirudi, Jumamosi yoyote baada ya Alasiri mtanikuta barazani, Lindi. Njooni na madaftari.

Mwalimu wenu mstaafu,
Lindi