Salamu za Mwezi wa Urithi wa Walatino, kutoka kwa katibu wenu

Ndugu wana jumuiya, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, wote habari za siku nyingi.

Kazi hii ni yangu mwaka mzima. Idi naandika, Krismasi naandika, na mwenyekiti akikumbuka saa tano usiku kwamba kesho ni Nane Nane, naandika. Safari hii kaniambia, "Katibu, majirani zetu je? Tunakula vya kwao kila wiki, ikifika siku yao tunajifanya hatuioni." Sikuwa na la kujibu. Kwa hiyo, kwa niaba ya mwenyekiti, kamati yote na mimi mwenyewe, nawatakia majirani zetu wa Kilatino hapa Marekani, wale wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati, ya Kusini na visiwa vya Karibea, wafanyakazi wenzetu, wakwe zetu na wajukuu tuliochanganya damu nao, kheri na baraka tele za kipindi hiki kilichoanza tarehe 15 Septemba na kitakachoishia 15 Oktoba. Kwa mliosherehekea uhuru, watu wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua, Kostarika, Meksiko na Chile, hongereni sana. Mwenyezi Mungu awajaalie afya, riziki na umoja.

Mwaka wenyewe hauhitaji kusimuliwa. Kodi ya nyumba imepanda, bima ya gari imepanda, na ile dola mia ya kutuma nyumbani imekuwa hamsini na maelezo mengi. Lakini si bei tu. Yule mama aliyekuwa akiuza tamale, chakula cha unga wa mahindi kilichofungwa kwenye maganda, kila Jumamosi pale kwenye kituo cha mafuta, mwenye sanduku la buluu lililofungwa kwa taulo, tangu Juni hatumwoni. Watu wanapita, wanaitazama ile kona, wanaendelea na safari. Hakuna anayeuliza kwa sauti. Na sisi wenyewe tunajuana, wapo kati yetu wasiolala vizuri mlango ukigongwa, kwa hofu ya watu wa uhamiaji.

Kwangu mimi mwaka huu umeniondolea mtu. Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Kwa miaka mitatu nilikuwa kwa bibi mmoja, mzaliwa wa upande huu wa magharibi wa San Antonio, mji wetu huku Texas. Yeye aliniita mija, yaani binti yangu, mimi nikamwita Bibi, na kila mmoja akaitika. Uani kwake kuna mti wa pekani, zile njugu za mtini zenye ganda gumu. Ukifika Novemba tulikaa barazani, ndoo katikati, tunabangua. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi, macho hayaoni vizuri, ila akishika pekani mbili kiganjani akazibana moja kwa nyingine, ganda linapasuka na kiini kinatoka kizima. Mimi nilikuwa navunja vipande, naye anacheka. Nikamweleza, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, kwamba kwetu Newala bibi yangu alibangua korosho, anapaka majivu mikononi na bado mafuta ya ganda yanamchubua ngozi. Akanishika vidole akavitazama kwa muda mrefu. Hakusema neno. Nikadhani hakunielewa.

Alifariki mwezi wa nne. Siku ya msiba mwanawe akatoa picha ya zamani: mwanamke kijana, kajifunga kitambaa, kabeba mtoto mchanga, nyuma yake umati. Mgongoni mwa picha mtu kaandika kwa penseli, 1938. Yule mtoto ndiye Bibi. Yule mwanamke ni mama yake, mbanguaji wa pekani, na umati ule ni mgomo. Miaka mitatu nimemwogesha Bibi, nimemsuka nywele, nimempa dawa kwa saa, na sikuwahi kumuuliza mama yake alikuwa nani.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma. Tarehe 31 Januari 1938 wabanguaji wa pekani wa mji huu tunaoishi, kama 12,000 hivi, wengi wao wanawake wa asili ya Meksiko, waliacha kazi. Walikuwa wakilipwa senti 6 na 7 kwa ratili, tajiri akakata senti moja. Walifanya kazi katika vibanda visivyo na hewa, vumbi la maganda limejaa kifuani, na kifua kikuu kikawamaliza. Mbele yao alisimama binti wa miaka 21, Emma Tenayuca. Polisi wakawapiga mabomu ya machozi, wakawajaza mahabusu kwa mamia, nao hawakurudi. Mwishowe mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi na malipo yakaongezwa. Ingependeza kuishia hapo, lakini mwaka uleule ikaja sheria ya mshahara wa chini wa senti 25 kwa saa, na matajiri wakaleta mashine. Maelfu wakakosa kazi. Emma mwenyewe aliandamwa kwa ukomunisti wake mpaka akauhama mji aliozaliwa. Alirudi baada ya miaka mingi, akawa mwalimu wa shule, akafundisha watoto kusoma mpaka alipostaafu. Alifariki 1999. Nimepanda basi katika mji huu miaka tisa bila kulijua jina hilo.

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyefunguliwa kisima. Wiki iliyopita niko kwenye kufulia nguo, nahesabu sarafu, nikakuta robo dola ina mwanamke kakunja mikono, na nguo yake yote ni maandishi. Nikairudisha mfukoni, nikaweka nyingine. Ni Jovita Idár wa Laredo, mji wa Texas mpakani na Meksiko, mwandishi wa habari na mwalimu. Mwaka 1914 gazeti la El Progreso, alikokuwa akiandika, lilimkosoa Rais Woodrow Wilson, askari wa jimbo waitwao Texas Rangers wakaja kulifunga, naye akasimama mlangoni asiwapishe. Wakaondoka. Wakarudi siku ambayo hayupo, wakavunja mitambo. Alifariki 1946, sarafu imetoka 2023. Sisi na serikali, kwa kweli, hatupishani sana kwa kuchelewa.

Na huyu naomba tumsikilize kwa makini, kwa sababu ya lile daftari letu la michango. Julia de Burgos, mshairi wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibea kilicho chini ya Marekani, mzaliwa wa mji wa Carolina kisiwani humo, aliuimba mto wa kwao kana kwamba ni mpenzi wake. Julai 1953 alianguka barabarani New York, upande wa Harlem ya Mashariki, umri miaka 39, mfukoni hana kitambulisho. Akazikwa kwenye makaburi ya wasio na wenyewe. Ndugu na marafiki wakamtafuta mpaka wakampata, na mwili ukasafirishwa kurudi kwao. Leo mtaa una jina lake. Mimi ndiye ninayeandika majina kwenye daftari kila mwenzetu anapotutoka, nani katoa hamsini, nani kaahidi, bado kiasi gani mwili uondoke. Nilipoisoma habari ile nililifunga daftari nikakaa kimya.

Wapo na watu wetu wa rangi humo, ambao hatuwahesabu tukiwataja Walatino. Arturo Schomburg alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874. Alisimulia kwamba utotoni mwalimu alimwambia watu weusi hawana historia. Akatumia maisha yake kukusanya vitabu na nyaraka kuthibitisha kuwa wanayo, na mwaka 1926 mkusanyo wake ukanunuliwa kwa dola 10,000 uwekwe katika maktaba ya umma ya New York, kule Harlem, ambako upo hadi leo. Na tarehe 12 Oktoba, wakati wengine wanabishana juu ya Columbus, Guinea ya Ikweta inakumbuka uhuru wake wa 1968. Waafrika wenzetu, wanaandika Kihispania! Mwandishi wao María Nsué Angüe alitoa riwaya yake Ekomo mwaka 1985. Nani kati yetu alikuwa na habari?

Ndugu zangu, tunalalamika kwamba hapa watu wanadhani Afrika ni nchi moja. Haya, sisi tunawaitaje? Aliyetoka Peru, "Mmeksiko." Wa Honduras, "Mmeksiko." Hata wa Puerto Rico, raia wa Marekani tangu azaliwe, "Mmeksiko yule." Watoto wetu wanaimba nyimbo zao neno kwa neno, nasi hatujui jina la anayeosha vyombo pembeni yetu. Tubadilike. Muulize mwenzako wa zamu kijiji chake kinaitwaje. Muulize bibi unayemhudumia mama yake alifanya kazi gani, na umuulize angali na pumzi ya kukujibu. Wazazi, wapelekeni watoto maktaba, kadi ni bure, tusisingizie bei. Na yule anayeogopa kwenda dukani, mnunulie unga ukijinunulia wako. Dini zetu zote mbili zimesema juu ya jirani, sina haja ya kuwatajia aya.

Nisiwachoshe. Jumuiya inawatakia Walatino wote sikukuu njema, amani majumbani, watoto wenye adabu na riziki isiyokauka. Waliotangulia, Mola awalaze pema.

Tunakutana Jumapili tarehe 12 Oktoba baada ya ibada, ukumbi uleule, majirani wamealikwa. Akina mama wa pilau mnajijua. Vinywaji ni juu ya vijana, na safari hii msilete soda za moto. Mimi nitaleta kashata za pekani. Pekani zenyewe ni zile za Novemba iliyopita, Bibi alinifungia kwenye chupa ya kahawa. Viini vizima ni vyake, vipande ni vyangu.

Wasalaam,
Katibu wenu, San Antonio