Maofisa kazi, njooni saa tatu usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mlinzi wa usiku katika jengo la ghorofa nne huku Kijitonyama, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha daladala cha Sayansi. Chini kuna duka la vifaa vya ofisi na wakala wa bima, na hao saa 11 jioni wameshafunga. Ghorofa ya tatu na ya nne kuna kampuni changa mbili za vijana, hizi wanazoziita startapu. Moja inakopesha wafanyabiashara wadogo kwa njia ya simu, nyingine inasafirisha mizigo kwa pikipiki. Zamu yangu inaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi. Mezani kwangu pana daftari kubwa: jina, ofisi, muda wa kuingia, muda wa kutoka, sahihi. Mlinzi wa mchana anaandika wanaoingia, mimi naandika wanaotoka. Huu ni mwaka wa tatu nalishika daftari hilo, na ndilo lililonisukuma kuwaandikia maofisa kazi, wale wakaguzi wa serikali wanaosimamia sheria za kazi.

Mwezi uliopita nilikaa usiku mmoja nikajumlisha saa za kijana mmoja wa ghorofa ya nne, wiki moja tu. Jumatatu aliingia saa 2:30 asubuhi akatoka saa 4:10 usiku. Jumanne saa 2:45 mpaka saa 3:50 usiku. Jumatano aliingia saa 2:30 na kutoka saa 6:20 usiku, siku hiyo mtambo wao ulikuwa umegoma na wateja walikuwa wanapiga simu mfululizo. Alhamisi saa 3:15 mpaka 4:30 usiku. Ijumaa saa 2:40 mpaka saa 5 kamili. Jumamosi akaja saa 4 asubuhi akaondoka saa 2 usiku. Nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini: saa 80 na dakika 10. Ukimtolea saa moja ya mapumziko kila siku, ambayo sina hakika kama anaipata, zinabaki saa 74.

Sasa nieleze kwa nini mlinzi anahesabu saa za watu. Kabla ya kazi hii nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, na miaka yangu ya mwisho pale nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 bado ninacho. Kimelegea kurasa, lakini maneno yapo. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, si kwa amri, hazizidi 50 katika wiki nne, na kila saa inalipwa mara moja na nusu. Ukichanganya za kawaida na za ziada, mtu hatakiwi kupita saa 12 kwa siku. Kijana wangu wa ghorofa ya nne alikuwa na saa 29 za ziada ndani ya wiki moja. Kabla wiki ya pili haijaisha, ovataimu ya wiki nne ameshaimaliza, na bado anaendelea kupanda zile ngazi.

Mshahara wake siujui wala sijamuuliza. Tufanye ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, gawanya kwa 45 upate wa saa, zidisha mara moja na nusu: inakaribia shilingi 6,900 kwa kila saa ya ziada. Kwa saa 29 ni zaidi ya shilingi 200,000 kwa wiki moja. Nilipomuuliza kama wanalipwa ovataimu, alinitazama kama nimemuuliza habari za wakati wa Mjerumani. "Mzee," akasema, "sisi hatuna mambo hayo. Sisi tunapambana."

Neno hilo nalisikia kila usiku. Tunapambana. Tunakaza. Komaa, mwanangu. Mimi siyo adui wa kujituma, nimesomesha watoto watatu kwa mashine ya kufuma. Lakini kiwandani king'ora kilikuwa kinalia. Kikilia, unayempokea zamu unamwona anakuja, unamkabidhi mashine, unakwenda nyumbani. Na ukibaki, jina lako linaandikwa na mwisho wa mwezi unaliona kwenye karatasi ya mshahara. Hawa vijana hawana king'ora. Wanatoka hapa saa nne usiku, na kabla hawajafika getini simu zimeshaanza kuita kutoka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Nimewaona wakisimama hapo nje na laptopu juu ya tangi la bodaboda wakirekebisha kitu, dereva anasubiri.

Na kuna jambo moja ambalo katibu yeyote wa tawi angeliona haraka. Pale juu karibu kila mtu ni meneja. Meneja wa bidhaa, meneja wa wateja, mkuu wa masoko. Kijana mmoja amemaliza chuo mwaka jana tu, kadi yake inasema yeye ni mkuu wa kitengo, na kwenye kitengo hicho yuko peke yake. Sheria inawaondoa kwenye kikomo cha saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaowajibika moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Huyu anamsimamia nani? Cheo hakimnyimi mtu haki yake, na kijana akiambiwa "wewe ni meneja, mameneja hawahesabu saa", ajue kwamba hajaelezwa sheria ilivyo.

Ramadhani iliyopita mama mmoja alikuja getini kutoka Mbagala. Alibeba hotpoti na chupa ya uji, amemfungashia mwanawe futari. Alifika kabla ya magharibi. Nikapiga simu juu, kijana akajibu, "Mwambie mama nashuka, dakika tano." Nikampa mama kiti changu. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani, akafuturu kwa tende mbili na maji, hotpoti hakuligusa, anamsubiri mwanawe. Tukazungumza. Akanieleza kwamba huyo ni wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, kwamba alikuwa anauza mihogo ya kukaanga kumlipia nauli ya kwenda shule, kwamba tangu apate kazi hii ametuma fedha za kuezeka chumba cha nyuma. Alikuwa na fahari naye, na alistahili. Dakika tano zikawa saa nzima. Watu wakaanza kupita kwenda tarawehe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi baba, hiyo ni kazi gani isiyo na magharibi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Saa 2 kasoro robo alisimama, alihofia daladala za Mbagala kuadimika, akaniachia hotpoti na salamu. Kijana alishuka saa 3:20. Alikaa kwenye ngazi akala chakula kilichopoa, akamaliza chote, kisha akampigia mama yake. Nilitoka nje nikazunguka ukuta ili azungumze bila mtu wa kumsikiliza.

Mwanzilishi wa ile kampuni ya mikopo simchukii, na nisingependa barua hii isomwe kama ya kumshtaki. Bado ni kijana mdogo, ananiamkia kila akipita, na mara mbili nimemkuta alfajiri amelala kwenye mkeka ofisini. Aliwahi kuniambia, "Mzee, hela tuliyonayo ni ya miezi saba. Wawekezaji wakiona namba hazipandi, tunafunga, na hawa wote wanarudi mtaani." Namwelewa. Nimeona kiwanda kikififia, najua uchungu wa kurudi mtaani. Lakini yeye ana hisa zilizoandikwa. Kampuni ikinunuliwa kesho, usiku wote aliolala mkekani utamrudia kwa fedha. Wale wengine wameahidiwa hisa kwa mdomo, wengi wao. Nimewauliza mmoja mmoja wanaposubiri usafiri: una karatasi? Mmoja tu alisema anayo, na hakuwa ameisoma. Mtu hawezi kuombwa ajitoe kama mwenye shamba halafu wakati wa mavuno alipwe kama kibarua.

Usiku mwingine nilibishana na kijana mmoja, kwa upole. Aliniambia Wachina wameendelea kwa sababu ya kitu wanachokiita 996, yaani kazi kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 3 usiku, siku sita za wiki, na kwamba tajiri Jack Ma alisema ni baraka. Nikamwambia atafute kwenye simu yake mahakama ya huko inasemaje. Akatafuta, tukasoma pamoja hapo mezani: Jack Ma alisema hivyo kweli mwaka 2019, na Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya China ikaeleza wazi kwamba utaratibu huo unavunja sheria ya kazi ya nchi hiyo. Kijana akanyamaza, kisha akaendelea kusoma. Mwaka huohuo wa 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikuwa yametoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walifariki kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Akaniambia, "Mzee, mimi nafika sabini." Nikamwonyesha daftari. Zilikuwa 74. Ndiye yule niliyeanza naye barua hii.

Kuna pia dada wa huduma kwa wateja ambaye alikuwa mjamzito. Kwenye daftari langu, mwezi wake wa nane, kuna siku nne ameweka sahihi ya kutoka baada ya saa 3 usiku. Sheria inasema mjamzito hapangiwi kazi ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na usiku kwa mujibu wa sheria ni kuanzia saa 2. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, na hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Aliniambia tu kwamba akiondoka mapema wenzake watamwona hajitoi. Kwa hilo nawalaumu wakubwa wake. Yeye hakupaswa kuwa ndiye wa kusema hapana.

Najua kuna atakayeuliza: wewe mwenyewe si unakaa saa 12? Ndiyo, na zamu za walinzi zina barua yake ambayo nitaiandika siku nyingine. Ila mimi nikikaa kitini saa 12 jioni najua saa ngapi nitanyanyuka. Mke wangu anajua. Naweza kuahidi kumpeleka mjukuu kliniki saa 2 asubuhi na nikafika. Hawa vijana hawawezi kumwahidi mtu chochote, hata mama aliyebeba uji kutoka Mbagala.

Ndiyo maana naomba, kupitia gazeti lako, maofisa kazi wabadili saa zao za ukaguzi. Katika miaka yangu mitatu hapa nimesimuliwa na mlinzi wa mchana kwamba waliwahi kuja mara moja, saa 4 asubuhi, wakakuta vijana wamevaa vizuri, kahawa mezani, kiyoyozi kinafanya kazi, wakaondoka wameridhika. Saa 4 asubuhi hapa hakuna cha kuona. Njooni saa 3 usiku. Njooni Jumamosi jioni. Njooni Mei Mosi, wakati viongozi wetu wako uwanjani wanapokea maandamano. Mei Mosi ya mwaka huu niliitwa kushika zamu ya mchana, na niliandika majina 14 ya walioingia kazini. Siku hiyo kila saa inatakiwa kulipwa mara mbili. Sijamsikia hata mmoja akisema amelipwa.

Na ninyi wenzangu wa vyama vya wafanyakazi, mnangoja nini? Hawa hawatakuja ofisini kwenu kuomba kadi, hawajui kama sheria inawahusu, wanadhani ni ya watu wa viwandani na wa bandarini. Wafuateni. Chukueni vijitabu, kaeni nao chini hapa wanapongoja bodaboda. Wanasoma haraka kuliko sisi, dakika kumi zinawatosha.

Ofisa kazi atakayepita majengo ya Kijitonyama, Mikocheni au Msasani saa hizo asianze kwa kupanda ghorofani, maana juu ataambiwa watu wamebaki kwa hiari yao. Aanze kwenye meza ya mlinzi. Daftari liko pale, kalamu imefungwa kwa kamba, na saa za kutoka zimeandikwa.

Mlinzi wa usiku,
Kijitonyama, Dar es Salaam
(Jina na anwani vimehifadhiwa)