Matengenezo ya dharura yasisubiri kodi ya mwaka ujao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wapangaji wa Dar es Salaam hulijadili uani na vibarazani bila kulifikisha penye uamuzi, nalo ni namna ya kumfanya mwenye nyumba atengeneze kilichoharibika pale ambapo uharibifu wenyewe hauwezi kungoja. Sizungumzii rangi iliyochubuka wala mlango wa kabati uliolegea. Nazungumzia paa linalomwaga maji juu ya soketi wakati wa masika, shimo la choo lililotitia, na nyaya zinazotoa cheche kila mtu anapochomeka pasi.

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa cha tabu hii si roho mbaya ya wenye nyumba, ingawa wenye roho hiyo wapo, bali ni namna tunavyolipa kodi. Mpangaji aliyelipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, tena akamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja juu yake, amekwisha kutoa kila kitu ambacho kingemfanya asikilizwe. Dari likianguka katika mwezi wa pili, mwenye nyumba hapotezi chochote mpaka mkataba ukaribie kwisha, na mara nyingi fedha zenyewe amekwisha kuzitia katika msingi wa nyumba nyingine au katika ada za watoto. Simu hupokewa kwa upole, mpangaji huambiwa kwamba fundi atakuja, na fundi haonekani.

Wapo wanaodhani kwamba tangu ilipofutwa mwaka 2005 ile sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, mpangaji amebaki bila sheria ya kumlinda. Si kweli. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu chake cha 88 inayahesabu masharti fulani kuwa yamo ndani ya kila mkataba wa upangishaji hata kama hakuna aliyeyaandika. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba kilichopangishwa kwa ajili ya kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa kwa muda wote wa upangaji. Jingine ni kwamba pale ambapo sehemu tu ya jengo imepangishwa, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kutunza paa, kuta kuu na za nje, mifereji mikuu ya majitaka, pamoja na sehemu na vifaa vinavyotumiwa na wote. Vilevile nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko pasipo uzembe wa mpangaji, kodi yote au sehemu yake husimama mpaka nyumba ifae tena.

Sharti hilo la pili linatuhusu sana sisi tunaoishi katika nyumba za vyumba, ambako familia kadhaa hutumia choo kimoja, korido moja na wakati mwingine mita moja ya LUKU. Katika nyumba hizo kuna desturi ya wapangaji kuchanga fedha za gari la kunyonya majitaka, na mimi sina ugomvi nayo, kwa kuwa waliolijaza shimo ni wao. Tatizo huanza pale desturi hiyo inapovutwa hadi kwenye mambo yasiyo ya wapangaji hata kidogo, yaani kuta za shimo zikibomoka au bomba la kwenda kwenye chemba likipasuka, kisha mwenye nyumba akawaambia wachange "kama kawaida yenu". Kujaa ni matokeo ya matumizi. Kubomoka ni suala la jengo, na jengo lina mwenyewe. Umeme nao una mpaka wake: mafundi wa TANESCO hushughulikia tatizo lililo upande wao hadi kwenye mita, lakini nyaya za ndani ya nyumba si zao, na akitakiwa fundi wa kuzirekebisha anapaswa kuwa mwenye leseni ya EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, si kijana yeyote mwenye bisibisi. Mpangaji anayeona cheche azime swichi kuu kwanza, ndipo aanze kupiga simu.

Nitawatendea haki wenye nyumba pia. Wengi wao si matajiri. Ni wastaafu na wajane wanaoishi kwa kodi hiyohiyo, na wamewahi kuachiwa masinki yaliyovunjwa na milango iliyong'olewa vitasa. Sheria hiyohiyo inamtaka mpangaji aitunze nyumba na amruhusu mwenye nyumba kuingia kuikagua kwa wakati unaofaa. Aliyevunja mwenyewe atengeneze mwenyewe.

Kwa mpangaji ambaye tayari yamemkuta, jambo la kwanza ni kuacha kutegemea maneno ya mdomo. Aandike barua fupi au ujumbe wa simu unaotaja kilichoharibika, tarehe aliyokiona, hatari iliyopo na siku anazotoa, aambatanishe picha, na nakala aipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za aina hiyo kupokewa kama ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp usifutwe hata kama umejibiwa kwa matusi. Ikiwa jambo lenyewe ni majitaka yanayotiririka, afisa afya wa kata aitwe bila kuchelewa, kwani Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka ya kumwamuru mwenye eneo kuondoa kero inayohatarisha afya, na mara nyingi karatasi yenye muhuri wa halmashauri humwamsha mtu ambaye simu kumi za mpangaji hazikumwamsha.

Siwashauri wapangaji kutengeneza kwa fedha zao kisha wakakata kodi bila ridhaa ya maandishi. Anayefanya hivyo, hata akiwa na haki moyoni, huonekana mbele ya baraza la ardhi kuwa ni mdaiwa wa kodi, na mwenye nyumba hupata sababu nzuri ya kumwondoa.

Njia ya mabaraza ipo lakini ni ndefu. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata limebaki na kazi ya usuluhishi tu, na shauri haliendi mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka usuluhishi huo ushindikane au zipite siku 30 bila mapatano. Siku 30 za mwezi wa Aprili chini ya paa lililotoboka ni nyingi mno, hasa kwa mwenye mtoto mchanga.

Ndiyo maana naona dawa iwekwe mapema, ndani ya mkataba wenyewe. Mikataba mingi tunayosaini ni karatasi moja inayotaja kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kwisha, na onyo la kutopiga muziki usiku. Kuhusu matengenezo haisemi neno. Iongezwe ibara inayotaja kwa majina mambo ya dharura, yaani umeme, paa, majitaka na kuta, na inayompa mwenye nyumba saa 48 tangu ajulishwe kwa maandishi, ambapo zikipita bila hatua mpangaji awe na ruhusa ya kuita fundi anayetambulika, kwa gharama isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, aitoe katika malipo yanayofuata na kukabidhi risiti. Wale waliolipa mwaka mzima waongezewe siku za kukaa zinazolingana na fedha walizotumia. Kwa kuwa mikataba mingi hupelekwa katika ofisi za serikali za mitaa kushuhudiwa na kugongwa muhuri, nawaomba wenyeviti na watendaji wa mitaa wasiugonge mkataba wowote wa nyumba ya kuishi usio na ibara ya namna hiyo, na halmashauri ziwape nakala ya mfano ili kila mtaa usianze kubuni ya kwake.

Mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam