Trela zituambie ukweli kuhusu aina ya filamu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie trela, vile vipande vya dakika mbili hivi vinavyotushawishi tukakate tiketi za sinema. Wasomaji wengi hulalamika kwamba trela humaliza utamu kwa kufichua kisa chote. Mimi sina ugomvi na hilo. Linalonikera ni trela inayoitangaza filamu ya aina moja kwa alama za aina nyingine.

Kila aina ya filamu ina alama zake, na mtazamaji mzoefu huzitambua kabla hata hajamwona mwigizaji mkuu. Trela ya filamu ya kutisha hupunguza sauti mpaka ukasikia bawaba za mlango zikilia, hunyamaza kwa muda unaokufanya ujikunyate kitini, kisha hupiga kishindo. Ya vichekesho huukatiza muziki ghafla pale mhusika anapotamka upuuzi, na ya mapigano hupanga picha kwa mdundo, gari likipinduka sawia na pigo la ngoma. Sioni ubaya wowote hapo, kwa kuwa ndiyo njia ya mtengenezaji kutuambia tunaletewa nini, nasi tukaamua kwenda au kubaki nyumbani.

Anayetilia shaka nguvu ya alama hizo na aitazame kazi ya Robert Ryang, aliyekuwa mhariri msaidizi wa filamu huko New York mwaka 2005. Aliichukua The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 kuhusu mwandishi anayerukwa na akili hotelini wakati wa theluji akamwinda mkewe na mwanawe kwa shoka, akaitengenezea trela ya filamu ya kifamilia. Aliweka sauti ya msimulizi mchangamfu na wimbo wa Peter Gabriel wenye furaha, akachagua nyuso zinazotabasamu, na muuaji yule akageuka baba mwema. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu walijua ni mzaha.

Kampuni zinapofanya vivyo hivyo kibiashara, mzaha unakwisha. Mwaka 2007 trela ya Sweeney Todd, filamu ya Tim Burton iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa nyimbo, iliweka mbele wembe, damu na giza, huku uimbaji ukionekana kwa nadra sana. Huko Uingereza baadhi ya watazamaji walilalamika kwa mamlaka zinazosimamia matangazo. Woga wa kampuni naufahamu: wapo watu wengi wasiopenda filamu za kuimba, na wakiambiwa mapema hawatakuja. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwaambia.

Sheria nayo haijatusaidia sana. Mwaka 2011 mtazamaji mmoja wa Michigan, Marekani, aliwashtaki wasambazaji wa Drive akidai trela ilimwahidi filamu ya kufukuzana kwa magari, naye akakuta magari machache na ukimya mwingi. Mahakama haikukubaliana naye. Desemba 2022 jaji wa California alikataa hoja ya studio ya Universal kwamba trela ni sanaa tu, akasema ni tangazo la biashara linaloweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Kesi hiyo ilihusu Yesterday, ambayo trela yake ilimwonyesha Ana de Armas ilhali hamo ndani ya filamu. Hata hivyo, jaji aliuwekea uamuzi wake mpaka: unahusu kama mwigizaji au tukio lililoonyeshwa limo, basi. Suala la aina ya filamu likabaki nje, na kwa mzazi anayewapeleka watoto sinema hilo ni zito kuliko kukosekana kwa mwigizaji mmoja.

Ndiyo maana naleta ombi hili kwako, Mhariri. Kurasa za burudani hutangaza filamu mpya kwa maneno yaleyale ya wasambazaji, ambao ndio wenye trela. Mwandishi wako na ataje waziwazi, kando ya jina la kila filamu, kama ni ya kutisha, ya kuimba, ya mapenzi au ya mapigano, na pale trela inapodokeza kingine, aseme hivyo kwa sentensi moja kabla watu hawajalipa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga