Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba swali moja la Kiswahili

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Usajili wa Wathamini.

YAH: OMBI LA SWALI MOJA LA KISWAHILI KATIKA USAILI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma. Stashahada nilisomea Chuo cha Ardhi Tabora, shahada Chuo Kikuu Ardhi, na miaka hii ya karibuni nimekuwa nikivuta futi kwenye viwanja vya watu chini ya wathamini waliosajiliwa. Sasa zamu yangu ya kukaa mbele ya jopo inakaribia. Nakuandikia hadharani ili asije mtu akasema nilipenyeza kikaratasi cha kuomba upendeleo.

Usiku nakariri. Mbinu ya mlinganisho wa soko, mbinu ya mapato, mbinu ya gharama za kujenga upya. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 naifahamu. Kanuni za fidia za 2001 ndiyo usiseme: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri ya tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, fidia ya faida inayopotea. Niamshe saa nane za usiku nitakutajia zote. Ninachokiogopa ni kingine.

Tulikuwa pembezoni mwa Ujiji, tukithamini mali za watu waliotakiwa kupisha mradi. Kulikuwa na bibi mmoja, mjane. Nyumba ya tofali mbichi, vyumba vitatu, bati lililogeuka rangi ya kahawa, na nyuma yake michikichi 17. Tuliihesabu pamoja, yeye akiugonga kila mmoja kwa fimbo yake. Wa kumi na nne ulikuwa mrefu, umeinama, na juu una mkungu mmoja tu wa chikichi. Nikaandika "mzee", maana viwango vya thamani vinakwenda kwa hatua ya ukuaji wa mti. Akauliza nimeandika nini. Nikamwambia.

"Mzee ni mimi," akasema. "Huo unanipa mawese ya mfungo mzima."

Tukaja kwenye nyumba. Nikamweleza makato ya uchakavu, yaani nilidhani namweleza. Nilisema, "Bibi, hapa tunatoa depresiesheni kulingana na umri wa maendelezo yasiyokwisha." Ndivyo timu yetu ilivyozoea kulifasiri lile neno la kwenye sheria, "unexhausted improvements", yaani nyumba, miti na vingine vilivyoendelezwa kwenye ardhi ambavyo bado vina thamani. Bibi akacheka. "Yasiyokwisha? Si ndiyo mmekuja kuyamaliza?"

Mwenyekiti wa mtaa akakohoa. Nikafungua wino, nikashika dole gumba la bibi, nikalibonyeza kwenye fomu. Akapigwa picha ameshika karatasi ya namba, nasi tukahamia kwa jirani. Fomu imejazwa, shahidi yupo, kila kitu halali. Na bibi hakujua amekubali nini.

Jambo hilo lilinikaa rohoni. Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu, bila fomu wala futi, wala sikutumwa na mtu. Nikamwamkia, akanipa kigoda, nikaanza upya.

"Bibi, bati hili mliliezeka lini?"

"Mwaka aliozaliwa mama yake huyu," akamwonyesha mjukuu anayesoma darasa la saba.

"Sasa ukilishusha leo ukalipeleka sokoni, watakupa bei ya bati jipya?"

"Sokoni silipeleki, mjukuu wangu. Nalala chini yake. Mkishalibomoa, huko niendako nitaezeka kwa bati gani? Duka gani linauza bati lililochakaa?"

Nilikwama, Mheshimiwa. Maana swali hilo ndilo wanalobishania wakubwa wa fani. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia hutakiwa kufidia gharama kamili ya kujenga upya bila kukata uchakavu. Sisi kwa mazoea yetu tunakata. Bibi ambaye hajakanyaga darasa alifika hapo kwa sentensi mbili. Mimi ilinichukua muhula mzima.

Ya usafiri yalikwenda vizuri zaidi. "Tani kumi na mbili? Mimi nina kitanda, masufuria na kuku. Hizo nyingine za nani?" Nikamwambia kanuni haipimi mzigo wake, kila kaya inahesabiwa tani hizo hizo, uwe na makabati au usiwe nayo. Akaelewa papo hapo, na akafurahi. Posho ya usumbufu ndiyo iliyotushinda. Hupatikana kwa kuzidisha thamani ya mali kwa riba ambayo benki hulipa kwa amana ya miezi 12, kwa hiyo jirani mwenye nyumba kubwa anahesabika kasumbuliwa zaidi kuliko yeye. Hilo alilikataa, nami sikumlazimisha.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ripoti nilizoshiriki kuziandaa zote ni za Kiingereza, na sina ugomvi nazo; benki na wawekezaji wanazisoma. Ninachoomba ni dakika kumi za usaili wangu. Nipeni jedwali la fidia la kaya moja, mmoja wenu awe mwenye nyumba, nimweleze mstari kwa mstari kwa Kiswahili cha nyumbani. Aulize analotaka. Ikiwezekana mwiteni hata mama anayewaletea chai, akae asikilize. Akikunja uso, nikateni alama. Na kama Bodi itaona vyema, itupatie pia istilahi za pamoja, kwa sababu sasa hivi kila timu inatembea na tafsiri yake mfukoni.

Wenzangu wananicheka kwamba najiongezea mtihani. Wao wanahofia Kiingereza cha usaili. Mimi, nakiri, Kiingereza ndiko ninakojificha: nikishasema "depresiesheni" hakuna mwenye mji anayeniuliza tena.

Bibi sasa anakaa Gungu kwa mwanawe. Nilipita kumsalimia nikamwambia naitwa kusailiwa. Akaniombea dua, kisha akauliza kama nimeshapata jibu la bati. Nikamwambia bado. Siku nitakayoitwa nitakuwa na usiku mzima ndani ya treni wa kulitafuta, na nisipolipata, nitawaambia hivyo hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mthamini msaidizi,
Mwanga, Kigoma.