Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Usiku wa "Uwezekano Wastani"

Ndugu wanachama, matajiri wenye mitumbwi na vijana mnaovua humo, na mama zangu wachuuzi wa dagaa,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za mzani mpya mtazipata kwa katibu. Mimi natumia muda wangu kwa jambo lililotugombanisha mwaka mzima: tangazo likisema dhoruba huenda ikaja, tufanye nini?

Mnalikumbuka lile giza la masika, zile siku zisizo na mbalamwezi tunazovua dagaa kwa taa. Simu zilileta angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua za radi na upepo mkali, uwezekano wa kutokea wastani, athari wastani. Tukazuia mitumbwi. Usiku wa kwanza ziwa likatulia tuli. Wa pili vilevile. Asubuhi mama mmoja akaingia ofisini, akaweka beseni tupu juu ya karatasi zangu, akauliza, "Mwenyekiti, dhoruba yako iko wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku wa tatu tuliona radi ikipiga mfululizo upande wa visiwani, kwetu halikudondoka hata tone.

Mama, jibu lako nimelitafuta, na leo nakuletea.

Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800. Usiku maji yake hubaki na joto wakati nchi kavu imeshapoa. Upepo hushuka kutoka pande zote, Mara, Kagera, Uganda, Kenya, ukikutana ziwani hewa yenye unyevu inapanda na mawingu yanajijenga. Ndiyo maana dhoruba zetu ni za usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile tunazovua dagaa. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba mvua za radi zinazopiga nchi kavu mchana hutoa dalili ya ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Basi jioni mtabiri anaweza kujua kwamba chungu kimeshainjikwa. Asichokijua ni povu la kwanza litachemkia upande gani. Wingu moja la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu na likaisha ndani ya saa moja. Rada ya Mwanza hulinasa likishaanza kumwaga, na kwa mwenye kasia hapo muda umeshakwisha.

Kwa hiyo usiku ule wa tatu utabiri ulitimia, ila kwa wenzetu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hunukuu makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka katika ziwa hili. Wengi wetu hapa tuna jina la kutaja.

Kosa letu lilikuwa kujiwekea njia mbili tu, kwenda au kukaa. Kamati imepitisha utaratibu huu. Uwezekano ukiwa mkubwa, hakuna mtumbwi unaoshuka majini. Ukiwa wastani, tunavua karibu, pale taa za mwalo wetu hapa ufukweni zinapoonekana, na jaketi za kuokolea maisha ziwe mwilini, siyo chini ya nyavu. Na vijana wasikie: upepo ukifa ghafla katikati ya joto, kisha ubaridi ukakupiga shingoni, usisubiri mvua. Ile ni hewa inayoporomoka kutoka winguni, nayo hutangulia tone la kwanza. Zima taa, geuza. Wavu ukiwa mzito, ukate.

Linalobaki ni gumu, na naliomba mkutano uliamue leo. Kijana harudi mapema kwa sababu gharama ya mafuta hukatwa kwenye mgawo wake wa mapato, na anamwogopa tajiri. Mimi nina mitumbwi miwili. Niliwahi kumfokea kijana wangu aliyerudi saa sita usiku na ndoo moja ya dagaa, akasimama mbele yangu analowa, hakujitetea. Hadi leo sijalisahau. Napendekeza mafuta ya safari iliyokatizwa kwa ajili ya tahadhari yawe ya tajiri peke yake, na nahodha asihitaji ruhusa ya mtu yeyote kurudi. Matajiri wenzangu, najua wengine mnapinga. Semeni hapa hapa, mbele ya vijana wenyewe.

Daftari la mwalo liko mezani kwa katibu: kila jioni tangazo lilisemaje, na asubuhi kilitokea nini. Lisomeni kabla ya kupiga kura.

Giza linaanza wiki ijayo. Jaketi zilizoshonwa upya mtazichukua kwa mweka hazina, kila mtumbwi kwa idadi ya watu wake.