Muuguzi bingwa asingojee mvi ndipo apewe usimamizi

Mhariri,

Bodi za utumishi wa umma za kaunti zinapotangaza nafasi za wauguzi wasimamizi, sharti ambalo mara nyingi huamua nani apewe kazi ni miaka ya utumishi. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Langoni hapa Lamu, na sina ugomvi na miaka, kwa maana yangu niliitumikia yote hadi nikakabidhi funguo. Ninachokipinga ni desturi ya kuifanya miaka hiyo iwe kipimo pekee cha utayari wa mtu kusimamia kitengo cha ubingwa, kama vile kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, chumba cha wagonjwa mahututi au wodi ya watoto njiti.

Nitakizungumzia zaidi kitengo cha figo, kwa kuwa shemeji yangu, mzaliwa wa Pate, husafishwa damu kila wiki, nami nimekaa kando ya kitanda chake muda wa kutosha kuona kazi inavyofanywa na nani anayeifanya. Aghalabu mgonjwa wa namna hii huunganishwa na mashine kwa muda wa saa 4, mara mbili au tatu kwa wiki, na katika kila kipindi maji yanayopita ndani ya mashine hukaribia lita 120. Sisi watu wa Lamu, ambao tunategemea maji matamu yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela na tunavijua visima vya mji vilivyo vya chumvi, hatuhitaji kuelezwa kwamba maji si kitu kimoja kila mahali. Maji ya mashine ya figo lazima yachujwe hadi yabaki maji matupu, na klorini ile ile inayotulinda na kipindupindu, ikisalia humo, huzipasua chembe nyekundu za damu ya mgonjwa. Ndiyo maana muuguzi wa kitengo hicho huanza asubuhi yake kwa kuyapima maji kabla mgonjwa wa kwanza hajapanda kitandani. Kisha humpima mgonjwa uzito, humuuliza amekunywa nini tangu mara ya mwisho, na huweka vidole juu ya mshipa wa mkono uliotengenezwa kwa upasuaji ili ahisi mtetemo wa damu unaomwambia kwamba mshipa bado uko wazi. Yote haya hutangulia sindano mbili nene, na baada ya sindano huja zile saa 4 ambazo shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla huku mgonjwa anaendelea kupiga soga.

Maarifa haya hayapatikani kwa kukaa kazini tu. Muuguzi mwenye stashahada yake ya kawaida hurudi chuoni kwa takriban mwaka mzima kusomea stashahada ya juu ya uuguzi wa figo, na wengi hufanya hivyo mbali na nyumbani, wakiwa wameacha watoto kwa bibi zao. Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, na hasa tangu serikali ya kitaifa ilipoanza mwaka 2015 mpango wa kukodisha mashine za hospitali kwa ajili ya kaunti, tumezungumza sana juu ya mashine na kidogo mno juu ya watu wa kuziendesha, na karibu hatujazungumza kabisa juu ya watu wa kuwasimamia hao wanaoziendesha.

Namjua muuguzi wa kitengo cha namna hiyo katika hospitali moja ya umma huku pwani, ambayo sitaitaja. Aliporudi kutoka masomoni alipelekwa idara ya wagonjwa wa nje kufunga vidonda na kudunga sindano, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na upungufu, na ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kukumbuka kwamba kaunti ilimwachilia akasomee figo. Hivi sasa yeye ndiye anayepanga zamu, anayeagiza vichujio vya damu na kuwafundisha wageni, na fundi wa mashine akifika humtafuta yeye. Hata hivyo barua ya usimamizi iko kwa mwenzake aliyemtangulia kuajiriwa, mama muungwana aliyetoka wodi nyingine, ambaye kwa uadilifu wake hatii saini karatasi yoyote ya kitengo kabla ya kumuuliza huyu mdogo. Hawagombani, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kulirekebisha jambo. Siku ya usaili wa kupandishwa cheo, muuguzi huyu aliulizwa maswali ya katiba na ya malengo ya kaunti. Hakuulizwa afanye nini mashine ikipiga kelele ya hewa kwenye mrija, wala ampangeje mgonjwa aliyekosa kipindi kizima. Sidhani waliomsaili walikuwa na nia mbaya. Hawakuwa na mtu wa fani hiyo mezani, na mtu huuliza anachokijua.

Katika bahari yetu hakuna mwenye mashua anayemkabidhi mtu usukani apite mkondo wa Mkanda, ule mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa madogo, eti kwa sababu ameishi ufukweni miaka 30. Huulizwa amepita mara ngapi, na nani alikuwa kando yake alipopita.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Stashahada ya juu peke yake haimfanyi mtu kuwa tayari kusimamia, na nimewaona mabingwa wa mikono ambao wakipewa wodi huivuruga kwa mwezi mmoja. Kusimamia ni kazi nyingine. Ni kujua kwamba vichujio vilivyobaki havitafika mwisho wa robo mwaka na kuandika barua kwa idara ya ununuzi mapema, si siku vinapokwisha. Ni kumwambia daktari kwa adabu lakini bila kuyumba kwamba mgonjwa huyu hawezi kuondolewa maji ya mwilini kiasi hicho kwa mara moja. Ni kuketi na muuguzi aliyechelewa zamu tatu mfululizo na kujua kama ana uvivu au ana mama mgonjwa nyumbani. Na katika nchi ya visiwa kama yetu, kuna mizani nyingine ambayo haimo katika kitabu chochote cha chuoni. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, anayevuka kwenda bara hutegemea maji ya bahari kujaa, na maji yakimkatalia njiani hufika saa mbili baada ya zamu yake kupita. Je, arudishwe? Aingizwe mahali pa nani? Anayeamua hupaswa kumtazama anavyopumua, uzito alioongeza na kiasi cha potasiamu katika damu, kisha amweleze mgonjwa mwingine, pamoja na jamaa zake waliokwisha kukasirika, kwa nini wao ndio wa kungoja. Muuguzi niliyemtaja aliamua kuwapangia wagonjwa wa visiwani zamu ya alasiri katika siku ambazo maji ya bahari hupwa asubuhi, akitumia kalenda ya bamvua, yaani ya kujaa na kupwa kwa maji, ambayo wavuvi wote wanayo. Hakuna aliyemwagiza. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa utayari kuliko barua 10 za sifa.

Wenzetu wa nje wamelitafakari jambo hili kwa urefu. Nchini Uingereza, ambako mfumo wa ngazi za mishahara ya wafanyakazi wa afya ya umma ulianza kutumika mwaka 2004, muuguzi mpya huanzia ngazi ya 5, mwenye ujuzi maalumu hupanda hadi ya 6, na msimamizi wa wodi huwa katika ya 7. Kila nafasi ina maelezo yake ya kazi, na anayeiomba hujibu kwa mifano ya aliyoyatenda. Kwa wahudumu wa ngazi ya juu zaidi, England imeweka nguzo nne za kupimia, yaani huduma kwa mgonjwa, uongozi, ufundishaji na utafiti. Sisemi tunakili kila kitu, kwani hospitali zao na zetu haziko sawa, ila nguzo hizo nne zinatufaa hata katika hospitali yenye vitanda vichache. Utafiti, kwa mfano, hauhitaji maabara. Kuweka daftari la wagonjwa walioshuka shinikizo la damu wakiwa kwenye mashine, na kulisoma kila mwezi kutafuta sababu, ni utafiti tayari.

Na tusisahau kwamba hao wa Uingereza wanawahitaji wauguzi wetu. Julai 2021 serikali yetu na ya kwao zilitia saini mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini muuguzi bingwa wa pwani akitaka kutunzwa siku hizi hupanda ndege. Vijana wanaoniuliza ushauri hawaanzi na mshahara, ingawa mshahara upo. Huanza na kuuliza, wakikaa hapa, baada ya miaka mitano watakuwa nani. Sina jibu la kuwapa lililoandikwa mahali.

Wako watakaosema kwamba hoja hii inawadharau wazee wa kazi. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nilifundwa na wauguzi wa cheti tu ambao walijua kumtambua mtoto anayezidiwa kwa kumsikiliza akilia, na nafasi ya watu hao katika malezi ya wauguzi wapya haina badala. Wasimamie wodi wanazozijua, walipwe, waheshimiwe. Kumweka mmoja wao juu ya kitengo asichokijua hakumheshimu. Kunamtwika lawama ya makosa ambayo hana uwezo wa kuyaona yakija. Inafaa pia kukumbuka kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2019, wanawake ni takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani lakini wanashika kama robo tu ya nafasi za juu. Nafasi chache za wauguzi zikigawanywa kwa mazoea, wanaobaki chini ni hao hao. Wala haiwezi kusemwa kwamba kaunti za pembezoni hazizai viongozi, maana mwaka 2022 ni muuguzi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, aliyeshinda huko Dubai tuzo ya kimataifa ya wauguzi yenye zawadi ya dola 250,000.

Ninachokiomba kwa bodi zetu si kikubwa. Muuguzi anayerudi kutoka masomo ya ubingwa arudishwe kwenye ubingwa wake. Katika usaili wa nafasi ya kitengo maalumu, awepo walau mtu mmoja mwenye fani hiyo, hata kama ataombwa kutoka kaunti jirani. Anayefanya kazi ya usimamizi apewe barua ya kukaimu na posho yake, kisha kazi yake ipimwe. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 imeweka ukomo wa miezi 6 wa kukaimu, na sioni kwa nini muuguzi wa kaunti abebeshwe mzigo huo kwa miaka bila hata karatasi. Miezi hiyo 6 itumike kumkomaza: ahudhurie vikao vya bajeti, aandike mwenyewe makisio ya vifaa, asimamie kikao cha kupitia vifo, huku msimamizi mzoefu yuko kando akimsahihisha. Mwisho wake kitengo kitakuwa kimepata kiongozi, au bodi itakuwa imejua mapema kwamba huyu bado.

Lakini nafasi isiyo na fungu katika bajeti haitangazwi. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na katikati wananchi huitwa kutoa maoni. Huko kwenye mikutano ya maoni watu huomba barabara, magati na madarasa, na wana haki. Safari hii ningependa jamaa za wagonjwa wa figo wa Lamu wasimame mmoja baada ya mwingine, waulize katika daftari la wafanyakazi wa afya kuna nafasi ngapi za wauguzi wasimamizi wa vitengo maalumu, na ni ngapi kati ya hizo zimetengewa mshahara.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu